Kielelezo cha tezi dundumio: mbele kizuri, nyuma kinahitaji kurekebishwa

Kielelezo hiki cha plastiki cha shingo, kinachoonyesha tezi dundumio (thairoidi), kinachouzwa Kisumu pamoja na vifaa vingine vya mafunzo ya tiba, ni cha ukubwa halisi na kinabanduka vipande. Ukikitazama kwa mbele, kazi ni safi. Mabawa mawili ya tezi, kila moja kama sentimita 5, yamekumbatia bomba la hewa, na kidaraja kinachoyaunganisha kimelala juu ya pete ya 2 hadi ya 4. Misuli bapa inabanduka tabaka kwa tabaka, vile vile mpasuaji anavyokutana nayo. Hata kile kipande kinachopanda katikati kama ncha ya mkuki kimewekwa, nacho wengi hukisahau ingawa watu wengi wanacho. Kikiachwa kwa mgonjwa wa Graves, ugonjwa unaoifanya tezi ifanye kazi kupita kiasi, kinaweza kukua na ugonjwa ukarudi.

Sasa kigeuze. Ugumu wa upasuaji wa kuondoa tezi hii uko nyuma yake, na huko ndiko mtengenezaji alikofanya haraka.

Neva ya sauti hushuka kuelekea kifuani kisha ikarudi juu. Ya kulia hupinda chini ya ateri ya subklavia (iliyo chini ya mtulinga), ya kushoto chini ya upinde wa aota, ateri kuu itokayo moyoni. Kwa hiyo ya kulia hupanda kimshazari, na ya kushoto husimama zaidi, ndani ya mfereji ulio kati ya bomba la hewa na umio. Kielelezo kimezichora zote mbili wima na kuzigandisha kwenye bomba la hewa. Unabandua bawa, neva haitikisiki, na mwanafunzi anaondoka akiamini iko salama. Ukweli ni kwamba karibu na zoloto (kisanduku cha sauti), kano ya Berry huifunga tezi kwa nguvu kwenye bomba la hewa, na neva hupita papo hapo. Bawa likivutwa, neva nayo huvutika. Damu ikichuruzika na mtu akabana kwa koleo bila kuona, au akachoma, neva huenda nayo. Ikiumia upande mmoja sauti hukwaruza. Zikiumia pande zote mbili, njia ya hewa inaweza kuziba mara tu mrija wa kupumulia unapotolewa.

Dawa yake ni uzi wa sufi wa manjano, sentimita 12 kila upande. Wa kushoto ulaze mferejini. Wa kulia uanzie kama sentimita 2 nje ya bomba la hewa na upande kimshazari. Upande mmoja upitishe mbele ya ateri ya chini ya tezi, mwingine nyuma yake, kwa sababu kwa binadamu hazikutani kwa namna moja. Gundi itie pale tu uzi unapoingia zolotoni. Halafu funga bawa kwenye pete ya kwanza kwa plasta ya sentimita 1 inayoushika uzi kidogo. Inua bawa kuelekea katikati, utaona uzi ukilifuata na kupinda. Pinda hiyo ndiyo mwanafunzi anapaswa kuiona kwa macho yake.

Tezi nne za parathairoidi, zile ndogo zinazosimamia kalsiamu ya damu, kwenye kielelezo ni vitone vyeupe vilivyopangwa kama vifungo vya shati. Za kweli zina milimita 5 au 6, kahawia ya manjano, rahisi kudhaniwa ni mafuta, na mahali pa zile za chini hutofautiana mtu na mtu. Finyanga udongo kama punje za dengu, kila moja uining'inize kwa uzi mwekundu kutoka ateri ya chini. Hapo inaeleweka kwa nini matawi ya ateri hiyo hufungwa karibu kabisa na tezi: ukifunga shina, punje hizo hukosa damu, kalsiamu hushuka, na ndani ya siku 1 hadi 3 mgonjwa hufa ganzi midomoni na vidoleni.

Mabawa matatu ya maradhi ya kubadilishia ni mazuri, hasa la goita ya vinundu. Lakini shingo imekatwa juu ya mfupa wa kidari, basi goita iliyozama kifuani haionekani. Kijitabu kinachokuja na kielelezo nacho kinataja upungufu wa iodini peke yake. Kwa Busia na Siaya, penye ugali wa muhogo, kingeongeza kwamba muhogo usioandaliwa vizuri huizuia tezi kuchukua iodini, na kwamba samaki wa ziwa hana iodini kama wa baharini. Chumvi yenye iodini bado ni ya lazima.

Kosa zito la kijitabu ni kunyamaza kuhusu maisha baada ya tezi yote kuondolewa. Levothairoksini, dawa inayoshika nafasi ya homoni ya tezi, hunywewa kila siku, maisha yote, kwa maji matupu tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4. Liandike hili kwa kalamu kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kukipeleka darasani.