Kozi ya usalama wa bunduki: mkufunzi amekasirika kwa sababu nimeomba kuangalia chemba

Nyota mbili, na zote mbili ni za msaidizi. Mkufunzi mkuu simpi hata nusu.

Sikwenda kwenye kozi hii kutafuta sifa. Nilitaka kujifunza kushika bunduki ya nusu otomatiki bila kumuua mtu, mimi mwenyewe nikiwemo. Basi. Uzito wa bunduki, urefu wa mtutu, inachukua risasi ngapi, hayo mtayasoma kwenye kijitabu chake. Nina jambo moja tu la kusema, nalo limenikaa kooni tangu siku za mwanzo za mazoezi.

Mkufunzi aliinua bunduki kutoka mezani, akaikoki mara moja, kaa-chak, boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ikarudi mbele. Akaninyooshea. "Shika. Haina kitu." Magazini, kile kikasha cha risasi, bado imechomekwa. Boliti imefungwa, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, haionekani. Na wakati ananinyooshea, mdomo wa mtutu ulipita kwenye magoti ya mzee mmoja mwanafunzi mwenzetu aliyekaa kwenye benchi anafunga kamba za viatu.

Nikasema kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, naomba niangalie chemba kwanza."

"Nimekwambia haina kitu. Huniamini?"

Nikanyamaza. Akageukia darasa: "Huyu bwana amekuja kunifundisha." Watu wakacheka. Hata mzee wa magoti alicheka, maskini, hakujua kilichompitia.

Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na bango kubwa la zile kanuni nne alizozieneza Jeff Cooper, yule askari wa zamani wa Marekani aliyeanzisha shule yake ya silaha kule Arizona mwaka 1976. Kanuni ya kwanza kabisa inakutaka uihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, wakati wote. Ya pili, usielekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Ya tatu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yawe kwenye shabaha. Ya nne, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mtu anavunja mbili za kwanza chini ya bango lenyewe, halafu anayechekwa ni mimi.

Kwa wasioelewa kwa nini nimeng'ang'ana na ile magazini, naeleza. Bunduki ya nusu otomatiki ukifyatua mara moja, inatoka risasi moja, kisha yenyewe inajiandaa kwa inayofuata. Nguvu ya mlipuko inasukuma boliti nyuma, ganda linatupwa nje, springi inairudisha boliti mbele, nayo njiani inachota risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza kwenye chemba. Sasa ukivuta boliti kwa mkono, inafanya kazi ileile. Haijui kama ni mlipuko au ni mkono wako. Kwa hiyo ukikoki magazini ikiwa ndani, unaona risasi imeruka ikaanguka chini, unapumua, unasema tayari iko tupu. Kumbe umetoa moja na kuingiza nyingine!

Ndiyo maana mpangilio ni huo na haugeuzwi. Mtutu upande salama, kidole nje. Magazini inatoka kwanza. Halafu unavuta boliti, unaizuia nyuma, unatazama chemba kwa jicho, unapapasa kwa ncha ya kidole, maana mwanga ukiwa hafifu jicho linadanganya. Kitufe cha usalama nacho ni chuma tu, kinachakaa kama vyuma vingine, hakiwezi kuchukua nafasi ya hayo yote. Na usiseme "boliti imefunga, basi zimekwisha" au kinyume chake. Bunduki ya Ruger 10/22, kwa mfano, boliti yake haibaki wazi yenyewe baada ya risasi ya mwisho. Na bunduki ya SKS magazini yake haichomolewi, inafunguliwa kwa chini. Kila bunduki ina tabia zake, na kazi ya mkufunzi ilikuwa kutuambia hayo badala ya kutuuliza kama tunamwamini.

Mtauliza, ilikuwa na risasi? Haikuwa nayo. Nilichomoa magazini mbele yake, tupu. Nikavuta boliti, tupu. Akapiga makofi. "Umeona?"

Hapo ndipo nilipochemka kweli. Ingekuwa na risasi angeona aibu, pengine angebadilika. Sasa ameondoka na ushahidi kwamba yuko sahihi, na kila mwanafunzi aliyekuwa pale amejifunza kwamba kuomba kuangalia chemba ni kumkosea adabu mkubwa wako. Hilo somo litawafuata watu majumbani.

Lakini nisiwe mwongo. Yule dada msaidizi ni mwalimu wa kweli. Bunduki yangu ilipogoma, nimebonyeza kifyatulio nikasikia "tik" tu, alikuwa begani kwangu kabla sijafikiri la kufanya. "Usifungue! Mtutu mbele. Tulia." Tukasubiri sekunde 30 nzima, yeye anahesabu kwa sauti ya chini, kwa sababu fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi, inaweza kuchelewa kuwaka, na ukifungua boliti wakati huohuo ganda linakupasukia usoni. Kisha ndipo akanielekeza kutoa magazini, kisha risasi.

Jioni hiyohiyo akatukusanya akatufundisha jambo ambalo mkufunzi mkuu hakuligusa kabisa: risasi dhaifu. Unafyatua, badala ya mlio wa kawaida unasikia "pu" kama mtu anafungua chupa, na bega halisukumwi. Simama hapohapo. Kichwa cha risasi huenda kimekwama katikati ya mtutu. Mara nyingi mlipuko wa namna hiyo hauna nguvu ya kurudisha boliti, kwa hiyo mtu anadhani bunduki imekwama tu, anakoki kwa mkono, anafyatua tena. Ya pili inakuta ya kwanza njiani, na mtutu unapasuka. Unaondoa kila kitu, unahakikisha chemba iko tupu, halafu unautazama mtutu kwa kuanzia upande wa chemba uone kama mwanga unapenya.

Na namna anavyomkabidhi mtu bunduki! Magazini pembeni, boliti nyuma, mtutu unatazama shabaha. Anaiinamisha ili uone ndani. "Tupu?" Anasubiri. Haachii mkono mpaka wewe useme, "Tupu." Hata kwa yule mkufunzi mkuu alifanya hivyohivyo, na yule akajibu "tupu" huku anatazama pembeni, amenuna. Tulifurahi sana, siwafichi.

Ni yeye pia aliyetuambia tufunge vifungo vya shati mpaka shingoni. Nilidhani ni unadhifu. Mwenzangu mmoja hakufunga, ganda la moto likamwingia kifuani, akaruka na kugeuka na bunduki mkononi. Dada akamshika mkono wenye silaha kwanza, ganda likaendelea kumchoma. Baadaye akamwomba radhi.

Kwa hayo nilikuwa nimeshapandisha mpaka nyota tatu, nasema moyoni labda yule mkufunzi mkuu alikuwa na siku mbaya, watu wana mambo yao nyumbani. Halafu nikapewa cheti. Kina sehemu ya maoni ya mkufunzi, ameijaza kwa mkono wake, mwandiko mzuri tu: "Aongeze kujiamini."

Nyota moja. Kama mnakwenda, ombeni mapema muwekwe kundi la msaidizi, na mkikataliwa msilipie. Yule dada nitamwandikia maoni yake peke yake, sitaki nyota zake zimbebe mtu mwingine.