Vitabu vya watoto wadogo visivyochanika: vilivyodumu na nilivyotupa

Mwanangu ana mwaka na miezi 8, na tangu ana miezi 2 ameshapitia vitabu vya aina 4, vingine nimenunua Kariakoo, vingine nimeokota kwenye mitumba ya midoli, kimoja nimetumiwa, na hapa naandika ninavyo mbele yangu pamoja na vilivyotafunwa.

Cha kwanza ni cha kitambaa, hiki kiukweli ndo cha kuanzia. Chepesi, hata akijipiga nacho usoni haumii, ukikiminya kinalia kwachakwacha na picha zake ni nyeusi na nyeupe tu, maana mtoto mchanga kabisa anaona vizuri picha za namna hiyo ukimshikia karibu, kama sm 20 mpaka 30 hivi. Udenda wote umeishia humo. Nafua kwa mkono na sabuni ya mche, kesho yake kimekauka. Ila kina kurasa 6 na hakina hadithi, kwa hiyo mimi namwimbia tu.

Cha kadibodi ndo nakipenda kuliko vyote. Alipofika miezi 9 alianza kufunua mwenyewe kwa sababu kurasa ni nene zinakamatika, na sasa akikileta anakaa mapajani hata hujamwita, anaonyesha paka anasema nyau, anafunua, anarudi tena kwa paka. Lakini kadibodi hazifanani jamani. Kimoja nilichonunua kipya kilikuwa ni karatasi imegandishwa tu juu ya boksi, alivyokuwa anaota meno akakitafuna ikabanduka, nikaja kutoa kipande mdomoni mwake huku natetemeka. Tangu hapo kabla sijalipa nakwaruza pembeni na ukucha, ikinyanyuka narudisha, nanusa kama kina harufu kali ya rangi, na naangalia kona ziwe za mviringo. Cha mtumba nilichopata kilishapita kwa mtoto mwingine huko kilikotoka na bado kigumu, nakipangusa na kitambaa chenye sabuni kidogo, usiloweke, kadibodi ikilowa inavimba.

Cha plastiki cha kuogea sikishauri kile chenye kidude cha kulia pii, maji yanaingia kwenye kitundu hayatoki, nilikikata nikakuta ukungu mweusi ndani na mtoto alikuwa anakinyonya. Nikatupa siku hiyo hiyo.

Halafu kuna vile vya karatasi isiyochanika, ni kama karatasi lakini ukivuta haikatiki na kinaoshwa bombani. Alinitumia wifi yangu yuko Uingereza. Kimekunjamana chote ila hakuna ukurasa uliotoka, na kwenye daladala hiki ndo kinakaa kwenye pochi.

Kilichonifanya nihangaike hivi ni mkubwa wake. Yule vitabu vyake vilikuwa vya karatasi laini, nikaviweka juu ya kabati visichanwe, akawa anaviona kwa mbali na mimi kila saa nasema usishike, usichane, mpaka akaacha kuviomba. Huyu mdogo vyake viko kwenye kapu sakafuni, anachukua anapotaka. Na WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema chini ya mwaka 1 mtoto asiwekewe skrini kabisa, akiwa ametulia bora asomewe au asimuliwe hadithi, sasa utamsomea vipi kitabu ambacho unaogopa akiguse?

Ninachowaomba wachapaji wetu: vya kadibodi karibu vyote ninavyokuta vimeandikwa Kiingereza, vya Kiswahili vina hadithi tamu mno lakini ni karatasi nyembamba na pini mbili katikati, pini ambayo mtoto anaing'oa. Tutengenezeeni vya kadibodi, hata kurasa 10 tu, kuku, jogoo, chungwa, bibi. Mimi nitanunua viwili viwili. Kwa sasa picha nazisoma kwa maneno yangu, na bibi yake akija anayasoma ya kwake, ng'ombe yule yule kila siku ana habari mpya.

Kama una hela ya kimoja tu, chukua cha kadibodi, kidogo cha kuenea mikononi mwake, na ukwaruze kwanza.