Uzoefu wangu na Corepack: unaomba msaada, package.json inabadilika

Nimeitumia Corepack, zana inayochagua toleo la Yarn au pnpm kwa kila mradi, iliyokuja na Node.js 22 (programu ya kuendesha JavaScript) kwenye kompyuta yenye Ubuntu hapa Tanga, intaneti ikiwa ya bando la simu. Kwa kazi yake ya msingi, yaani kuhakikisha kila mmoja kwenye mradi anatumia toleo lilelile la Yarn (programu ya kusakinisha vifurushi vya mradi), naipa nyota nne. Kwa inavyoshughulikia `--help`, yaani ombi la maelezo ya matumizi, naipa mbili tu.

Ukishaandika `corepack enable`, neno `yarn` kwenye terminali linaiita Corepack kwanza, si Yarn yenyewe. Ukiandika `yarn --help`, Corepack inatafuta `packageManager`, mstari unaotaja programu na toleo la kutumia, ndani ya package.json, faili la maelezo ya mradi. Isipoiona, inachagua toleo yenyewe, inalipakua kama halimo kwenye `~/.cache/node/corepack`, inaliandika kwenye package.json, ndipo inaiachia Yarn ikuonyeshe msaada ulioomba. Kinachoongezeka kinaanza hivi:

`"packageManager": "yarn@1.22.22+sha512.`

kisha mkururo mrefu wa herufi na tarakimu. Taarifa inatolewa, ila orodha ndefu ya amri inafuata papo hapo na kuisukuma juu ya skrini. Ni rahisi mno kutoiona.

Ubaya wake unaonekana kwenye mradi wa pnpm (programu nyingine ya vifurushi kama Yarn) usio na mstari huo. Mtu anachungulia `yarn --help`, anapiga `git add .`, anapandisha kazi. Mwenzake akivuta mabadiliko, pnpm inamgomea kwamba mradi umepangiwa yarn, na hajui nani kaupanga. Halafu kuna suala la bando: likiwa limekata na toleo halijapakuliwa bado, hata msaada hupati, unapata kosa la mtandao. `man apt` inasomeka bila mtandao wowote, na ndivyo msaada unavyopaswa kuwa.

Tiba ni kuweka kwenye `~/.bashrc` mstari huu, unaoizuia Corepack kuandika kwenye package.json:

`export COREPACK_ENABLE_AUTO_PIN=0`

kisha `source ~/.bashrc`. Bando likiwepo, pakua toleo mapema kwa `corepack install -g yarn@1.22.22`. Kama faili limeshaguswa, angalia kwanza `git diff package.json`. Mstari ukiwa peke yake, `git restore package.json` inatosha. Ukiwa na kazi yako nyingine humo ambayo hujaihifadhi, tumia `git restore -p package.json` uchague kipande kwa kipande, la sivyo yote yatafutika.

Pia usiandike `yarn` tupu ukitarajia maelezo. Kwa Yarn hiyo ni sawa na `yarn install`: inaanza kusakinisha vifurushi vyote vya mradi, na MB zinakwenda. npm, programu ya vifurushi inayokuja na Node.js, ukiiandika tupu inatoa maelezo tu.

Ila npm nayo ina mtego wake kwenye mpangilio wa maneno. `npm help install` inafungua ukurasa wa maelezo, unatoka kwa `q`. `npm install help` inakwenda kutafuta kifurushi kinachoitwa help ili ikisakinishe, na tangu npm 5 ya mwaka 2017 jina lake linaandikwa kwenye package.json bila kuulizwa. `npm uninstall help` inakiondoa kifurushi, lakini skripti zake za usakinishaji, kama anazo mwenye kifurushi, zitakuwa zimeshaendeshwa kwenye kompyuta yako. Mimi naandika `npm install -h`. Inatoa maelezo mafupi na haigusi kitu kwenye mradi.