Baridi Yabisi na Sonona Katika Faili Moja: Tathmini ya Kliniki ya Viungo Jijini Kampala

Kliniki ninayoitathmini ni ya binafsi, iko upande wa Ntinda jijini Kampala, na inashughulika na magonjwa ya mifupa na viungo. Siitaji kwa jina, kwa kuwa baadhi ya mambo nitakayoyaeleza ni malalamiko, na kwa kuwa kinachostahili kupimwa zaidi ni namna inavyotoa huduma, namna ambayo kliniki nyingine yoyote nchini inaweza kuiga. Mgonjwa niliyempeleka ni shangazi yangu, mkazi wa Arua, ambaye baridi yabisi, yaani uvimbe sugu wa viungo, imemshika vidole, vifundo vya mikono na magoti kwa miaka mingi. Nasema mapema kwamba ninaipendekeza, na sababu kubwa ni moja: hapa maumivu ya viungo na hali ya akili ya mgonjwa huandikwa katika faili moja, na kila anayemtibu huisoma faili hiyo kabla ya kuandika dawa.

Kabla ya kumwona daktari, muuguzi alimpima shangazi uzito na shinikizo la damu, akamkagua vidole kimoja kimoja, kisha akamwuliza maswali mawili: kama katika wiki mbili zilizopita amekosa hamu au raha ya kufanya mambo yake, na kama amejisikia mnyonge, mwenye huzuni au aliyekata tamaa. Alipojibu ndiyo kwa yote mawili hakuambiwa kwamba ni uzee. Alipelekwa chumba cha pili kwa afisa tabibu wa magonjwa ya akili, mmoja wa kada inayofundishwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na inayobeba mzigo mkubwa wa huduma hiyo katika wilaya zilizo mbali na mji mkuu. Huko alijibu dodoso la maswali tisa, naye akakutwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, ya kiwango cha kati. Katika miaka yote aliyotibiwa kwingine hakuna aliyewahi kumwuliza jambo hilo.

Pengine msomaji atasema kwamba anayeumwa vidole usiku kucha hawezi kukosa huzuni, na kwamba hilo halihitaji dodoso. Ni kweli kwamba maumivu huleta huzuni, lakini utafiti umekwenda mbele zaidi ya hapo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, uliokusanya tafiti 72 zenye wagonjwa 13,189 wa baridi yabisi, ulikuta kwamba asilimia 16.8 kati yao walikuwa na sonona kamili kwa vigezo vya kitabibu, si huzuni ya kupita tu. Protini za uvimbe ambazo huchochea kuliwa kwa gegedu na mfupa ndani ya kiungo, kama interleukini-6, huonekana pia kwa wingi usio wa kawaida katika damu ya baadhi ya watu wenye sonona, nazo hugusa usingizi, hamu ya chakula na nguvu za mwili. Utafiti unaonishawishi kuliko wote ni ule wa Marekani wa mwaka 2003, uliowafuatilia wazee 1,001 waliokuwa na ugonjwa wa viungo pamoja na sonona. Waliopewa huduma ya sonona iliyopangwa vizuri, yenye dawa au mazungumzo na ufuatiliaji wa karibu, baada ya mwaka mmoja walikuwa na maumivu madogo zaidi ya viungo na walizimudu kazi za kila siku vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, ingawa mpango wenyewe ulilenga sonona na si magoti yao. Kwa hiyo kliniki ya viungo inapouliza habari za moyo mzito, inatibu viungo vilevile.

Faida ya faili moja niliiona siku hiyohiyo. Afisa tabibu alitaka kumwanzishia shangazi fluoksetini, dawa ya sonona inayopatikana kwa urahisi nchini, lakini aliposoma ukurasa wa daktari wa viungo akaona kwamba mgonjwa anameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila siku. Dawa hizo mbili zikitumiwa pamoja huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni, kwa sababu diklofenaki hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na fluoksetini huzipunguzia chembe sahani za damu uwezo wa kugandisha damu. Alitoka, akagonga mlango wa daktari, wakazungumza, na diklofenaki ikaachwa. Kama shangazi angekuwa anatibiwa viungo hospitali moja na sonona hospitali nyingine, akiwa na madaftari mawili ya shule ya kuandikiwa matibabu kama wengi wetu tunavyofanya, sijui ni nani angeliona jambo hilo.

Daktari wa viungo alimwandikia methotreksati, dawa ambayo kwa baridi yabisi humezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki ya kupunguza madhara yake. Anayeimeza kila siku kwa kutoelewa anaweza kufa, kwa sababu inazuia uboho kutengeneza damu. Muuguzi alimtaka shangazi achague siku yake mwenyewe, akachagua Jumapili, ikaandikwa kwa kalamu nene juu ya pakiti, na mimi niliyemsindikiza nikatakiwa kuirudia kwa sauti. Vipimo vya damu na ini vilifanywa kabla ya kuanza na tarehe ya kuvirudia ikapangwa. Sina la kuongeza hapo, kazi ilifanywa kama inavyotakiwa.

Jambo lililochukua muda mrefu zaidi, na kwa haki, lilikuwa prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe. Shangazi alikuwa akiinunua duka la dawa, bila cheti cha daktari, kwa sababu ilimpa nafuu ya haraka kuliko kitu kingine chochote. Nafuu hiyo si ya kudhania. Mnamo Septemba 1948, katika Mayo Clinic nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini dawa za jamii hiyo, yaani steroidi, ndiyo mahali ambapo mifupa na akili huumizwa na kidonge kimoja. Huupunguza mfupa, na upotevu huwa wa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kiasi kwamba uti wa mgongo unaweza kubonyea bila mtu kuanguka. Zinaweza pia kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hadi kikafa. Upande wa akili, huleta kukosa usingizi, hasira za ghafla, furaha isiyo na sababu, huzuni nzito, na wakati mwingine kuona au kusikia visivyokuwapo. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba madhara ya akili hupanda pamoja na kipimo cha dawa: asilimia 1.3 kwa waliopewa hadi miligramu 40 za prednisoni, ndugu ya prednisoloni, kwa siku, asilimia 4.6 kwa waliopewa miligramu 41 hadi 80, na asilimia 18.4 kwa waliopewa zaidi ya hapo.

Haya yote daktari aliyaeleza kwa utulivu, bila kumgombeza mgonjwa, jambo ambalo ninalithamini sana, kwa kuwa mzee anayegombezwa hurudi dukani kimyakimya. Alieleza pia kwa nini haiachwi ghafla: tezi zilizo juu ya figo huwa zimezoea kutotengeneza homoni yake ya asili, na kidonge kikikatwa ghafla mtu anaweza kuzirai au hata kufa. Kipimo kilipunguzwa kidogokidogo kwa ratiba iliyoandikwa, wakati methotreksati ikisubiriwa kuanza kazi, nayo huchukua wiki kadhaa. Afisa tabibu naye aliandika katika faili kwamba baadhi ya usingizi uliopotea huenda umetokana na prednisoloni iliyokuwa inamezwa jioni, akataka imezwe asubuhi. Marekebisho hayo hayakuhitaji shilingi hata moja.

Hapohapo, hata hivyo, ndipo nilipoona pengo la kwanza. Baada ya maelezo yote hayo kuhusu mifupa, hakuna aliyekadiria hatari ya mifupa ya shangazi kuvunjika. Miongozo ya wataalamu wa viungo wa Marekani ya mwaka 2017 inataka makadirio hayo yafanywe kwa mtu mzima yeyote anayetumia miligramu 2.5 au zaidi za prednisoni kwa siku kwa miezi mitatu au zaidi, pamoja na kuhakikisha anapata kalisi na vitamini D ya kutosha. Kliniki haina mashine ya kupima wingi wa madini ya mfupa, na hilo silaumu, lakini umri, uzito, mivunjiko ya zamani na muda wa kutumia steroidi ni maswali ya dakika tano. Tena ameongezewa fluoksetini, na utafiti wa Kanada wa mwaka 2007 uliofanywa kwa watu 5,008 wenye umri wa miaka 50 na zaidi ulikuta kwamba watumiaji wa kila siku wa dawa za kundi hilo walikuwa na hatari ya kuvunjika mifupa takriban maradufu. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, na simshauri mtu yeyote aache dawa ya sonona kwa sababu yake, kwani sonona isiyotibiwa nayo inaua. Nilichotaka ni swali liulizwe. Nilipoliuliza mwenyewe, daktari alikubali, akaandika vitamini D na kuagiza kipimo kifanywe kwingine. Mgonjwa asiye na wa kumwulizia angeondoka bila hayo.

Pengo la pili ni kubwa zaidi, ingawa halikumgusa shangazi. Kliniki inawauliza wagonjwa wa viungo kuhusu akili, lakini haina mlango kwa wagonjwa wa akili wenye matatizo ya mifupa. Haloperidoli na klopromazini, dawa za magonjwa makali ya akili, hupandisha homoni ya prolaktini, ambayo hushusha estrojeni na testosteroni, na mfupa hudhoofika. Kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza akili, huharakisha kuvunjwavunjwa kwa vitamini D mwilini. Watu wanaozitumia kwa miaka ishirini wapo wengi katika familia zetu, na maumivu yao ya mgongo mara nyingi huchukuliwa kuwa sehemu ya wazimu. Wafanyakazi wenye ujuzi wa pande zote mbili tayari wako chini ya paa moja, kwa hiyo ni huzuni kwamba huduma inakwenda upande mmoja tu.

La tatu linaniudhi. Kwenye kaunta ya kulipia kuna chupa za glukosamini na kondroitini, virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, na mhudumu huzipendekeza kwa kila anayelipa, bila kujali ugonjwa wake. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2006, lililowahusisha watu 1,583 wenye magoti yaliyosagika, lilionyesha kwamba baada ya wiki 24 vidonge hivyo kwa jumla havikuwa bora kuliko vidonge visivyo na dawa. Tena hilo ni la kusagika kwa magoti, si la baridi yabisi, ambayo ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Chupa moja inauzwa kwa bei inayozidi ada ya kumwona daktari, na mzee aliyetoka Arua kwa basi hapaswi kushawishiwa namna hiyo na watu waliomtibu vizuri dakika kumi zilizopita.

Tiba ya mazungumzo waliyompa shangazi ilikuwa ya ana kwa ana, fupi na yenye msaada, lakini kila kikao hulipiwa peke yake na huhitaji safari. Hapa nchini kwetu kuna ushahidi wa njia nyingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003, lililofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, lilionyesha kwamba vikundi vya mazungumzo vya dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa, vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2020 Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere na wenzake walichapisha jaribio la vituo 30 vya afya kaskazini mwa Uganda, lenye watu 1,140 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambapo vikundi vilivyoongozwa na wahudumu wa afya wasio wataalamu vilileta nafuu iliyodumu. Wagonjwa wa viungo waliojaa katika ukumbi wa kusubiri wa kliniki hii ni kikundi tayari, na nimewaandikia kuwaomba wakianzishe.

Kuhusu mengine nitasema kwa ufupi. Kliniki iko ghorofa ya pili na jengo halina lifti, kasoro isiyokubalika kwa wagonjwa wa magoti. Tulipanda tukipumzika kila baada ya ngazi chache. Muuguzi alisoma maswali kwa Kiingereza na Kiganda, ilhali shangazi anazungumza Kilugbara na Kiswahili, nami nikalazimika kufasiri mambo ambayo mama mzima hapendi kuyasema mbele ya mtoto wa kaka yake. Bahati njema afisa tabibu aliwahi kufanya kazi Nile Magharibi, eneo la Arua, akaendelea kwa Kiswahili, nami nikatoka nje. Dodoso hilo lina tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kupimwa nchini Kenya, na kliniki ingeweza kuichapa. Ada ya daktari ni shilingi 80,000, ya afisa tabibu ni nusu yake, na vipimo hulipiwa kando.

Anayehitaji upasuaji wa mifupa au mwenye mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani uliopinda, aende hospitali ya CoRSU, Kisubi, au ya Mulago, na mwenye kuchanganyikiwa kwa ghafla apelekwe Butabika bila kupitia hapa. Mwenye baridi yabisi, jongo au magoti yaliyosagika, ambaye pia amekosa usingizi na hamu ya kuishi, atapata hapa uangalizi ambao sijaupata kwingine Kampala. Aje na dawa zake zote katika pakiti zake, pamoja na zile alizonunua dukani bila cheti, kwa sababu daktari huzimwaga mezani na kuzisoma moja baada ya nyingine kabla ya kuandika chochote.