Magongo ya kuchezea soka kutoka karakana ya Mabatini, baada ya miezi minne

Tangu Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu, walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwezi Oktoba 2022, vijana kadhaa tuliokatwa miguu hapa Mwanza tumekuwa tukikutana mwishoni mwa wiki kucheza mpira, na swali linaloulizwa zaidi pembeni mwa uwanja si nani kafunga, bali ni hili: hayo magongo umeyapata wapi? Yangu niliyapata Mabatini, katika karakana ndogo isiyo na bango, ambayo ukiulizia fundi wa baiskeli za walemavu utaelekezwa na mtu yeyote.

Kabla ya hapo nilikuwa nikichezea magongo niliyopewa hospitali, na wale waliouona mchezo huu kwenye televisheni tu huenda wasielewe kwa nini hayo hayafai. Kila upande una wachezaji saba. Wale sita wa ndani hucheza kwa mguu mmoja na magongo mawili, bila mguu wa bandia, kwa vipindi viwili vya dakika 25, ilhali mlinda mlango ana miguu yote miwili lakini mkono mmoja una upungufu, naye haruhusiwi kutoka nje ya eneo lake. Unapopiga shuti, mguu wako pekee uko hewani, kwa hiyo uzito wote wa mwili, pamoja na nguvu ya kujizungusha, unaangukia kwenye mabomba mawili membamba na viganja vya mikono. Gongo la kutembelea halikutengenezwa kwa kazi hiyo. La kwanza lilinipinda nikiwa mazoezini, la pili likatoboka pale penye matundu ya kurekebishia urefu.

Fundi hakuanza na bei. Alinisimamisha kwenye fremu ya mlango, akaweka alama ya chaki usawa wa kifundo cha mkono, kisha akasukuma kopo tupu la rangi mbele yangu na kuniambia nilipige kama napiga penalti. Nilipiga mara tatu huku yeye akinitazama mabega, wala si mguu. “Haya ya hospitali ni marefu kwako, mwanangu,” alisema, “ndiyo maana bega linapanda kila ukirusha mguu.” Nimetembelea magongo kwa miaka sita na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Aliyonitengenezea ni ya bomba la aluminiamu, hayana matundu ya kurekebishia, kwa sababu yamekatwa kwa kimo changu tu. Pete inayokumbatia kigasha ni pana na imefunikwa kwa ngozi, na vishikio vimezungushiwa tyubu ya baiskeli, jambo lililoniokoa na malengelenge ambayo kila mchezaji wa mchezo huu anayajua. Kwa miezi minne sijaona ufa wala mpindo, na wepesi wake unaonekana hasa dakika za mwisho, wakati mikono ndiyo iliyochoka kuliko mguu.

Yana kasoro, tena si ndogo. Soli zake zimekatwa kutoka kwenye tairi kuukuu, kama zile za makatambuga, nazo zinashika vizuri kwenye vumbi na kwenye nyasi kavu, lakini kwenye mawe yaliyolowa ni hatari tupu. Kwa anayekaa mlimani, kama tunavyokaa wengi wetu mji huu, mvua ikinyesha ni lazima ubadilishe magongo kabla ya kupanda nyumbani. Kasoro ya pili ni boliti ya kishikio. Katika mechi ya wiki ya tano nati ililegea, gongo la kushoto likazunguka mkononi na kuugusa mpira, na mwamuzi akapuliza filimbi kana kwamba nimeshika mpira kwa mkono. Nilimkumbusha kwamba huwa ni kosa pale gongo linapogusa mpira kwa makusudi. Hakubadilisha uamuzi, na wapinzani wakafunga kwa faulo ile ile. Fundi aliweka nati mbili badala ya moja bila kunidai chochote, ingawa ilinibidi nisubiri hadi amalize baiskeli mbili zilizokuwa mbele yangu.

Kuhusu muda, aliniahidi wiki moja na akanikabidhi baada ya wiki tatu. Nililipa shilingi 85,000 kwa jozi, na wenzangu waliosema ni ghali nimewaona tayari wamenunua jozi mbili za bei rahisi ndani ya kipindi hicho hicho. Magongo ya kutoka nje ni mepesi zaidi, sikatai, lakini likiharibika hakuna wa kukutengenezea mjini hapa.

Kwa anayetaka kucheza kwa dhati, kwa kuwa tiketi ya Uturuki ilipatikana kwenye mashindano ya Afrika yaliyochezwa Dar es Salaam mwaka 2021 na si ndoto ya mbali tena kwa kijana wa hapa, ningemshauri aende Mabatini asubuhi, kabla ya watu wa baiskeli kujazana, avae kiatu anachochezea ili kipimo kisipotoke, na adai nati mbili tangu mwanzo. Soli za akiba ni shilingi 4,000 kwa jozi. Mimi huchukua jozi mbili kabla ya masika.