Boksi la pedi za "resi" nililokatazwa kufungua

"Ukifungua, umenunua."

Hilo ndilo jibu nililopewa na kijana wa duka moja la spea hapa Kigoma, mkono juu ya boksi, macho kwenye simu. Salamu yangu hata hakuitikia. Nami sikuwa nimeomba kupunguziwa bei wala kukopeshwa. Niliomba kuziona pedi za breki kabla sijatoa hela yangu.

Duka silitaji, na pedi sizitaji jina. Boksi lina picha ya gari la mashindano na ndimi za moto, na kijana aliapa kwamba hizi ni za resi, moto haziujui. Nikalipa. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo.

Nilitaka kuziona kwa sababu pedi zinazofuata utaratibu wa Marekani huchapwa ubavuni herufi mbili za kiwango cha kushika. Ya kwanza ni ya joto la kawaida, ya pili ni ya pedi ikishapata moto. F inaizidi E, G inaizidi F. Herufi hizo hazimalizi maneno yote, maana pedi mbili zenye FF zinaweza kuwa mbali kabisa kwa tabia, lakini angalau unajua kuna mtu aliyezipima. Nilipofika nyumbani nikafungua boksi: rangi nyekundu inayong'aa, herufi hakuna hata moja. Nikajipa moyo, nikazifunga hivyo hivyo.

Gari langu ni Altezza ya kwendea kazini na kubebea dagaa kutoka Kibirizi. Mara chache, Jumapili, mwenye yadi moja ya malori anatufungulia geti, tunapanga matairi mabovu kuwa kona, tunazunguka mmoja mmoja. Wanaodhani ni mchezo hawajawahi kukanyaga breki kwa nguvu zote, kona baada ya kona, bila kuzipa nafasi ya kupoa. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ambayo breki inabidi iigeuze joto ni mara nne. Pedi ya kwendea sokoni haikutengenezwa kwa hayo.

Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, nikahisi gari linachelewa kusimama. Wa tatu nikakanyaga, pedali ikawa ngumu kama jiwe, na gari likaendelea kwenda. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Likapita matairi, likapita mstari, likaja kusimama kwenye nyasi hatua chache kutoka ukutani. Magurudumu ya mbele yanatoa moshi, harufu inakaba koo. Nilibaki nimeshika usukani, siwezi hata kufungua mlango. Barabara ya kuteremka kutoka Mwanga hadi stesheni ndiyo iliyonijia kichwani, na wanangu kwenye siti ya nyuma.

Siku mbili tatu baadaye nikarudi dukani. Yule yule.

"Mafuta yako ya breki yamechemka, blaza. Nenda katoe upepo."

Hili ndilo lililonichoma kuliko hela. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka chini. Yangu haikuzama! Ilikuwa ngumu na gari halisimami, na hiyo ni dalili ya pedi kuishiwa nguvu kwa joto. Tena mafuta nilikuwa nimebadilisha juma lile lile, ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Nikamweleza kwa upole, neno kwa neno. Akacheka mbele ya wateja. "Breki ni breki tu. Kama gari limekushinda, panda bajaji."

Nikaondoka bila kumjibu, nikaenda kwa fundi wangu Gungu. Mzee akazichomoa, akazigeuza juani. Uso umekuwa laini kama kioo. Akaniuliza, "Ulizizoesha, mwanangu?" Sikuzizoesha. Pedi mpya zinatakiwa kupashwa moto taratibu, unakanyaga breki mara nane hadi kumi kutoka mwendo wa kama 60 bila kusimamisha gari kabisa, kisha unaziendesha zipoe. Mimi nilizitoa kwenye boksi na kuzipeleka yadi. Usiku ule nilikaribia kufuta kila nililowahi kusema juu ya lile duka.

Haki yao niwape. Mjini zilikuwa nzuri. Asubuhi na mapema, baridi, ukigusa tu zinashika, kelele hakuna, diski hazichubuki. Ningekuwa mtu wa Mwanga hadi Ujiji na kurudi, ningewapa nyota nne.

Ila nikalirudia hilo la asubuhi, na damu ikachemka upya. Pedi ya resi ya kweli haina tabia hiyo! Ikiwa baridi inashika kwa kusitasita, inataka moto kwanza, inapiga kelele, na diski inazila. Upole ule ulioufurahisha moyo wangu kila asubuhi ndio ushahidi kwamba niliuziwa pedi ya kawaida iliyopakwa rangi nyekundu. Kosa la kutozizoesha ni langu, nalibeba. Kosa la kuziita za resi si langu.

Kwa gari linalokwenda kazini siku sita na yadini siku moja, mimi sasa hata za resi zenyewe sizitaki. Fundi amenitafutia za katikati, zenye mchanganyiko wa chuma, zinazoshika zikiwa baridi na kuvumilia moto zaidi. Zina vumbi, na kila nikikaribia geti la nyumbani zinalia kidogo. Herufi zake nilizisoma mwenyewe kabla ya kulipa.

Jana nilipita lile duka. Maboksi yenye ndimi za moto yako pale pale kwenye kabati la kioo, rafu ya juu, na baba mmoja mwenye Noah ya abiria alikuwa anaulizia bei. Nikasimamisha gari, nikashuka.