Riwaya nilizosoma nyuma ya kaunta

Mimi si msomi wa fasihi. Nauza leso Biashara Street, hapa Mombasa, na Idi ikishapita wateja hupungua mpaka mtu akachoka kukunja na kukunjua vitambaa. Hapo ndipo kitabu hutoka chini ya kaunta. Nasema mapema ili anayetafuta maudhui na mbinu za lugha asipoteze muda wake kwangu. Hayo tuliyaandikia mtihani shuleni, yakatosha.

Kilichonikamata zaidi safari hii ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza kilitoka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Nilikinunua nikihofia Kiswahili cha kutafsiriwa, kile kikavu kama karatasi za benki. Sivyo. Watu wake wanataniana, wanaapa na kutukanana kipwani, na kuna kurasa nilizomsomea jirani yangu wa duka la pili kwa sauti, akacheka.

Yusuf ana miaka 12. Anampenda sana tajiri mmoja anayemwita ami yake, Aziz, kwa sababu kila akija kwao humwachia sarafu. Siku moja anaambiwa afunge vitu vyake, atasafiri na huyo ami. Wanapanda gari moshi hadi pwani, na huko dukani kijana anayeitwa Khalil ndiye anayemfumbua macho: Aziz si ami yake wala si jamaa yake. Baba alikuwa na deni, akashindwa kulipa, akamweka mtoto rehani.

Sasa, mimi ni mtu wa duka. Nina daftari la madeni kama kila mwenye duka, na najua mkopaji anavyoanza kupita ng'ambo ya barabara ili asikuone. Kwa hiyo nilimsoma Aziz kwa jicho baya. Kila ukurasa nilingoja apige mtu au angalau apaaze sauti. Hapigi. Anakuja ananukia vizuri, anaongea kwa upole, anauliza hali, anaondoka na mtoto wa watu. Hakuna mhusika aliyenitisha kama huyu kwa miaka mingi. Na Khalil, ambaye naye ni rehani vilevile, analilinda duka na hesabu zake kwa uaminifu ambao mimi sijawahi kuupata kwa kijana ninayemlipa mshahara. Kuna pia Mzee Hamdani, mtunza bustani, ambaye alipewa uhuru wake akaukataa. Gurnah hamfafanui sana. Anamwacha apalilie na kunong'ona dua zake, msomaji ajisumbue mwenyewe.

Safari ya msafara wa biashara wa Aziz kwenda bara ni ndefu. Nilipita upesi palipo na magonjwa na wadudu, maana baada ya muda mateso yanafanana, lakini mji wa Chatu, mtawala wa huko bara, msiuruke. Hapo ndipo wafanyabiashara wanaonekana walivyo: wamezoea kuwaita wenzao washenzi, halafu wanajikuta mikononi mwao bila bidhaa wala ujanja. Na nyuma ya yote hayo Mjerumani anasogea. Mwanzoni ni uvumi tu wa barazani, mwishowe ana bunduki na askari. Mwisho wa kitabu sitausema. Mke wangu alikisoma baada yangu na mpaka leo hatujakubaliana. Yeye asema Yusuf alichagua. Mimi nasema mtu asiyewahi kuwa na kitu chake hajui hata kuchagua.

Baada ya hapo nikachukua Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, kwa kuwa watu walishatazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 na wakawa wananiuliza kama kitabu ni vilevile. Humo nako kuna mwenye duka, Bwana Raza, anayeozwa Yasmin, msichana ambaye angeweza kuwa binti yake. Ingekuwa rahisi kumfanya shetani. Adam Shafi amemfanya mzee wa kuchekesha na kuhurumiwa, anayedhani ndoa ikishafungwa mapenzi yatafuata kama risiti. Bado Yasmin ana haki ya kumkimbia, na anamkimbia. Jamaa zake wanamkataa, anapokelewa na rafiki yake Mwajuma, mtaa wa Ng'ambo, Unguja. Mwajuma ndiye sababu ya kununua kitabu hiki: mwimbaji, hana senti, ana maneno, na kila anapoingia mlangoni hadithi inachangamka. Denge, yule mpigania uhuru anayependwa na Yasmin, ni mtu mzuri, ila akishaanza siasa nasikia mkutano wa hadhara. Nilisoma nikiwa nusu usingizi mpaka Mwajuma aliporudi.

Utengano cha Said Ahmed Mohamed, 1980, nilikuwa nimekisoma zamani. Nakala niliyoipata safari hii ni ya mkono wa pili, kurasa za katikati zimeng'oka, na aliyeniuzia kando ya barabara aliapa ni nzima. Kwa lugha, hiki kinawashinda wote. Ila Maksuudi, anayemfungia mke na binti yake Maimuna ndani huku nje akisaka vyeo, ni mwovu kila saa, akiwa amekaa hata akiwa amesimama. Nilimchukia tangu alipoingia na sikuhitaji kubadili mawazo. Ukitoka kwa Aziz, Maksuudi hakutishi tena, kwa sababu mtu kama yeye unamwona akiwa bado mbali. Aziz mimi ningemkaribisha kiti, nikamtuma kijana kahawa.

Nagona cha Kezilahabi ni chembamba, nikadhani nitakimaliza kabla ya adhuhuri. Wapi! Sikujua nani anaongea na nani, wala tuko duniani au akhera. Wanaokijua wanasema kina mambo mazito, nami siwabishii. Nakala yangu ni safi, haina hata alama ya kalamu. Natafuta Kuli cha Adam Shafi, kile cha mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948, kwa sababu mzee wangu alibeba magunia bandarini Kilindini na anataka nimsomee. Mwenye nacho aje dukani tubadilishane, na leso nitampunguzia bei.